Kila Cheti Kilitaka Kunitoa Darasa la Kwanza: Mafunzo Niliyopata

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, mlango wangu haufungwi. Wanakuja wazazi wa Bahi, wengine nimewafundisha mimi mwenyewe kusoma, wamefuatana na watoto wao, na swali lao ni moja: "Mwalimu, huyu akitaka ualimu apite wapi?" Wapo pia wanaouliza kwa namna nyingine: "Akikosa kwingine kote, si aende tu ualimu?" Wote nawakaribisha kiti na maji ya kunywa. Nimeshika chaki tangu mwaka 2000. Nilianza na cheti cha Daraja la IIIA, nikapata stashahada, nikapata shahada, nimefundisha msingi na sekondari, na leo nimerudi pale nilipoanzia. Ninayowaambia wazazi wale nimeyaandika hapa kwa namba ili wasiyachanganye.

1. Milango ni mingi, na vitasa vyake hubadilishwa

Baba yangu mdogo alikuwa mwalimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wa Tanzania wenye umri wa kwenda shule wawe darasani ifikapo 1977, na vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda ule. Basi walimu wakaandaliwa huko huko vijijini. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundisha watoto huku wao wenyewe wakifundishwa na walimu wakongwe, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Walihitimu kwa Daraja la IIIC. Baba mdogo alistaafu akiwa na watoto wa wanafunzi wake darasani.

Wakati wangu mlango huo ulikuwa umekwisha kufungwa. Mimi niliingia kwa cheti cha kidato cha nne, nikakaa chuoni miaka miwili. Wadogo zetu wa MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa 2002 hadi 2006, walikaa chuoni mwaka mmoja na wa pili wakaumalizia shuleni kwa vitendo. Sekondari za kata zilipoanza kujengwa kila kona, wakaja vijana waliotoka kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundisha. Mitaani waliitwa "vodafasta", kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu chapuchapu. Jina hilo liliwaumiza vijana wengi waliokuwa na moyo wa kazi kuliko baadhi yetu tuliokuwa na vyeti kamili.

Sasa njia ninazowaonyesha wazazi ni hizi. Aliyemaliza kidato cha sita na kupata prinsipo mbili anaweza kwenda chuo kikuu kusoma shahada ya ualimu kwa miaka mitatu, au akaenda chuo cha ualimu kwa stashahada ya miaka miwili. Mwenye shahada ya fani nyingine kabisa, tuseme takwimu au kilimo, husoma Stashahada ya Uzamili ya Elimu kwa mwaka mmoja. Aliyeishia kidato cha nne atafute nafasi katika vyuo vya ualimu, lakini ajue kwamba mwelekeo wa sera tangu 2014 ni kuifanya stashahada kuwa kiwango cha chini cha mwalimu, na cheti kama kile nilichoanza nacho mimi kinapoteza nafasi yake. Sisi watu wa kanda ya kati hatuna sababu ya kwenda mbali. Chuo cha ualimu cha Bustani kiko Kondoa, Mpwapwa ni chuo cha tangu 1926, Kinampanda iko Singida. Dodoma mjini kuna Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, vyote vilianza 2007, na hicho cha pili kimo katika majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mazengo.

Zaidi ya yote, shika tangazo la Wizara ya Elimu la mwaka huo huo unaoomba. Upo mwaka daraja la nne lilipokelewa vyuoni, na upo mwaka wakataka la kwanza hadi la tatu tu. Namjua mzazi aliyeuza ng'ombe wawili akalipa ada ya mwaka mzima katika chuo ambacho baadaye kiligundulika hakina usajili. Ng'ombe hawakurudi na binti hakupata cheti. Kabla ya kutoa hata shilingi, hakiki jina la chuo kwenye baraza la NACTVET, na kwa vyuo vikuu hakiki kwenye tume ya TCU. Ni kazi ya dakika chache kwa simu ya mtoto wako mwenyewe.

2. Andalio zuri si somo

Kutoka Dodoma hadi Kondoa ni kama kilomita 150. Nilipokwenda Bustani mwaka 1998 lami ya leo haikuwepo, tulifika tumepauka vumbi hadi kwenye kope. Chuoni tulifundishwa mengi na kwa bidii: saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundishia, azimio la kazi, andalio la somo, shajara. Niliyashika yote. Nilikuwa miongoni mwa wale ambao madaftari yao huazimwa na wenzao usiku wa kuamkia mtihani.

Kisha ikaja BTP, mafunzo ya kufundisha kwa vitendo. Nilipangiwa darasa la kwanza katika shule moja ya kijijini upande wa Kolo, Aprili 1999. Siku ya kutathminiwa nilikuwa nimekesha. Andalio langu lilikuwa safi, lengo mahususi limeandikwa kwa wino wa bluu: hadi mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aweze kusoma silabi ba, be, bi, bo, bu. Nilikata katoni za sabuni nikachora kadi tano. Kadi ya "bo" niliichorea boti, ina tanga na mawimbi chini yake, na nilijivunia mawimbi yale.

Mkufunzi alikaa nyuma na fomu yake. Nikainua kadi ya boti, nikauliza hiki ni nini. Kimya. Nikauliza tena. Mtoto mmoja wa dawati la mbele akainua mkono, akasimama, akasema kwa sauti, "Kiatu."

Darasa zima likakubaliana naye. Nikasema hapana, ni boti. Wakarudia "boti" kwa pamoja, lakini niliona machoni mwao kwamba wameniitikia kwa adabu tu. Ni watoto wa nyanda kavu, mto wenyewe wanaujua ukiwa mchanga. Boti wangeiona wapi? Nikaendelea na kadi zangu, jasho likinitoka, hadi mwenye darasa, mzee wa UPE kama baba yangu mdogo, akasimama taratibu na kuniomba ruhusa. Yeye, mwenye nywele nyeupe, aliniomba ruhusa mimi mwanachuo.

"Watoto, shikeni bega."

Mikono yote ikaenda mabegani. Akaandika ubaoni "bega", akapiga mstari chini ya "be". Akauliza nani amemwacha bibi nyumbani, mikono ikapanda, akaandika "bibi". Baba yuko wapi leo? Akaandika "baba". Jana usiku mlikula nini? Mmoja akasema boga. Na kule kwenye mbuyu wa njia panda mnaokota nini? Buyu! Walipiga kelele hadi darasa la jirani wakachungulia dirishani. Katika dakika kumi silabi zote tano zilikuwa ubaoni, na hakuna kadi iliyotumika.

Akafanya na jambo jingine ambalo mimi sikulifikiria. Akatazama nafasi zilizo wazi kwenye madawati, akauliza wenzao wako wapi. "Wanaamia ndege, mwalimu." Uwele ulikuwa umeanza kukomaa na ndege walikuwa wanashuka kwa makundi. Akataja watoto wale mmoja mmoja, na shamba la kila mmoja liko upande gani, kisha akasema mchana atapita kuzungumza na wazazi ili watoto waamie kwa zamu. Mimi katika daftari la mahudhurio nilikuwa nimeandika "hayupo" mara kumi na tisa, nikaona nimemaliza kazi.

Mkufunzi alinipa alama za kutosha kufaulu. Chini ya fomu aliandika: "Andalio ni zuri. Watoto hawamo ndani yake." Fomu hiyo ninayo hadi leo, na wanachuo wanaoletwa kwangu kwa BTP huwaonyesha siku ya kwanza, kabla hawajanionyesha kadi zao.

3. Ukipangiwa kituo, ulizia maji

Barua ya ajira yangu ya kwanza ilinipeleka kijiji kimoja ambacho wakati huo kilikuwa Wilaya ya Dodoma Vijijini, na leo kiko Bahi, tangu wilaya ile igawanywe mwaka 2007. Nyumba ya mwalimu haikuwepo. Nikapangishwa chumba kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, baridi kali Julai na joto la kuoka Novemba. Maji tuliyapata korongoni: unafukua mchanga mpaka kiuno, unasubiri, unachota kwa kata kidogo kidogo, na ukichelewa kuamka unakuta ng'ombe wamekutangulia.

Vijana wakipangiwa shule siku hizi huuliza kama kuna umeme na mtandao wa simu. Nawaambia waulizie maji kwanza, na wauliziapo wafike kisimani wenyewe. Mwenzangu aliyetoka Kagera, hajui hata neno moja la Kigogo, alijifunza lugha pale korongoni muhula mmoja tu, kwa sababu asubuhi huwezi kupita katikati ya akina mama kumi na ndoo zao bila "Mbukwenyi". Sera inataka tufundishe kwa Kiswahili na ndivyo tunavyofanya, lakini mtoto wa wiki ya kwanza anayelia kwa kuumwa tumbo analia kwa Kigogo. Mwenzangu huyo alielewa hilo mapema kuliko walimu wengine waliozaliwa hapa hapa mkoani na kujitia hawaijui lugha ya mama zao.

4. Kujiendeleza kunataka ruhusa ya maandishi

Cheti cha Daraja la IIIA kilikuwa na mshahara wa ngazi ya B katika muundo wa mishahara ya walimu, TGTS, stashahada ni C, shahada ni D. Niliyajua hayo mapema, na sioni aibu kusema nilitaka kupanda.

Ili nisome stashahada ya sekondari nilihitaji kidato cha sita. Nikajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Miaka miwili nilisoma kwa kibatari baada ya kusahihisha madaftari, na Jumamosi nilipanda gari la mizigo hadi Dodoma mjini kufuata wenzangu tuliojadiliana nao Historia. Nilipofaulu nikaandika barua ya kuomba ruhusa ya masomo: kupitia kwa mwalimu mkuu, kupitia kwa mratibu elimu kata, kupitia kwa afisa elimu, kwa mkurugenzi. Ikachukua miezi. Nikafuatilia kwa miguu, nikaweka nakala ya kila karatasi iliyogongwa mhuri. Mwishoni jina langu likaingia katika mpango wa mafunzo wa halmashauri, nikaenda Mpwapwa 2006 huku mshahara wangu ukiendelea kuingia.

Mwenzangu tuliyejiunga naye mwaka huo huo aliona barua inachelewa, akaondoka. Alisema ruhusa itamkuta chuoni. Haikumkuta. Alihesabiwa mtoro kazini, mshahara ukasimamishwa, na kesi ya nidhamu ikafunguliwa. Alikuwa mwalimu wa Hisabati, na wa Hisabati hatukuwa naye mwingine. Ninapomkumbuka huwa najiuliza ni watoto wangapi walipoteza somo kwa sababu ya karatasi moja iliyolala juu ya meza ya mtu.

Shahada niliisoma Chuo Kikuu Huria nikiwa kazini, mwaka 2010 hadi 2015, mitihani nikifanyia kituo cha Dodoma. Kwa mwalimu mwenye watoto, shamba na mama mgonjwa, njia hii ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote. Ni ndefu na ya upweke, ila haikutoi nyumbani wala darasani. Ukishahitimu usikae kungoja mshahara upande wenyewe: peleka cheti, omba kubadilishiwa muundo kwa barua, na barua hiyo nayo uifuatilie.

5. Herufi moja inaweza kukulaza macho

Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ulipoanza, nilicheka na wenzangu. Nilisoma, nina vyeti vyote, nina hofu gani? Kisha nikavitandika kitandani ili nivitolee nakala. Jina la baba yangu kwenye cheti cha kidato cha nne liliandikwa kwa L. Kwenye cheti cha ualimu liliandikwa kwa R. Miaka kumi na saba sikuwahi kuliona hilo.

Nilikwenda kwa wakili nikaapa, nikatafuta barua ya shule niliyosoma, nikamleta mjomba athibitishe kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Wiki tatu zile nililala saa mbili kwa usiku. Aprili 28, 2017, hapa hapa Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini. Jina langu halikuwemo. Niliwafahamu waliokuwemo, mmoja alitumia cheti cha ndugu yake na alikuwa anafundisha vizuri, watoto walimlilia. Sikumtetea kwa kughushi kwake, ila niliumia.

Kijana unayeanza leo: siku utakayopokea cheti cha kwanza, kiweke sambamba na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa, usome majina yote matatu herufi kwa herufi. Kosa likiwepo lisahihishe wakati huo huo. Baada ya miaka kumi na saba, waliokuandikia hawapo tena ofisini.

6. Hawakunishusha

Hili ndilo ninalotaka hasa lisomwe.

Nilipotoka Mpwapwa 2008 nilipangiwa sekondari ya kata, nikafundisha Kiswahili na Historia kwa miaka kumi. Kwa kufuata njia ya vyeti, ndivyo mambo yanavyokwenda: ukipata stashahada unaondoka kwa watoto wadogo, ukipata shahada unaondoka kabisa, na ukiongeza nyingine unakwenda ofisini. Mwaka 2018 ikaja amri kwamba walimu wa masomo ya sanaa wamezidi sekondari, na shule za msingi zina upungufu, hivyo baadhi yetu tuhamishiwe msingi. Walimu wa Fizikia na Hisabati hawakuguswa, maana hao hawajawahi kutosha. Mzazi anayeniuliza mwanawe achukue somo gani, hapo ana jibu.

Siku barua zilipogawiwa, ofisi ya walimu ilikuwa kama msibani. Mwalimu mmoja wa Jiografia, mtu mzima, alitoka nje akasimama nyuma ya tangi la maji. Jirani yangu aliponiona nikirudi alinipa pole na kuniuliza nimefanya kosa gani hata nikashushwa. Mshahara haukupungua hata senti moja, ngazi ya D ikabaki D. Kilichopungua ni heshima machoni pa watu, na kwa siku kadhaa, nakiri, hata machoni pangu mwenyewe.

Mwalimu mkuu wa shule niliyopelekwa aliniuliza, kwa kusitasita, kama nitakubali kuchukua darasa la kwanza, kwa kuwa hakuna aliyelitaka. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto wamekuja kwa wingi, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Nilikuta 128. Wa mbele walikuwa wamekaa sakafuni hadi miguuni mwangu, nikitembea nanyanyua mguu nisimkanyage mtu.

Juma la pili nilikuwa nafundisha sauti ya "r". Mtoto mmoja, mdogo kuliko wenzake, akaandika "kalanga". Miaka ya 2000 ningemkosoa kwa wino mwekundu na kuendelea. Safari hii nilikaa chini pale pale sakafuni. Nilikuwa nimesoma fonolojia Chuo Kikuu Huria, nikaandika kurasa nyingi juu ya namna lugha ya kwanza inavyoivuta lugha ya pili. Mtoto huyu hakukosea kwa uzembe. Aliandika alichokisikia, kwa sikio alilolelewa nalo. Na ndiyo herufi ile ile iliyonikesheza kwenye cheti changu! Nikamwambia aweke kidole kwenye ulimi, aseme "la", kisha aache ulimi utetemeke kama pikipiki inayopanda mlima. Akatetemesha. Wote 128 wakatetemesha. Ilichukua wiki nzima, lakini hadi Novemba wengi waliandika "karanga" bila kuniangalia usoni.

Nikajua kwamba shahada yangu ilikuwa haijawahi kufanya kazi yenye faida kama ile. Kidato cha tatu niliwafundisha wanafunzi waliokwisha kujua kusoma; ningekosekana siku mbili wangejisomea. Darasa la kwanza mwalimu akikosekana siku mbili, ba na bu vinafutika. Hapa ndipo mtoto anapofunguka au anapofungwa, na hapa ndipo tunapompeleka mwalimu mgeni zaidi, au aliyechoka zaidi, au aliyemkosea mwalimu mkuu. Kila cheti nilichopata kilitaka kunitoa mahali ambapo ningekitumia vizuri zaidi. Naona huu ni upungufu mkubwa wa mfumo wetu, na sisemi hivi kwa uchungu wa kuhamishwa, kwa sababu mwaka 2021 nilipewa nafasi ya kurudi sekondari nikaikataa.

Serikali ilizindua hapa Dodoma, Januari 31, 2025, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, inayofanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi. Miaka kumi yote hiyo inaanza na mtu mmoja aliyesimama mbele ya watoto wasiojua kushika kalamu. Nawaomba walio na mamlaka wamwekee mwalimu huyo posho yake, vipindi vichache, na msaidizi. Na mwalimu mkuu asimpe mtu darasa la kwanza kwa kumkomoa.

7. Ukingojea ajira, usikae mbali na watoto

Mapema 2025 walimu walifanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira, jambo ambalo kizazi changu hatukulijua. Sisi tulitoka chuoni na barua ya kupangiwa ikatukuta nyumbani. Waombaji walikuwa zaidi ya 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Naijua hesabu hiyo kwa sura, maana vijana wanne wa kijiji chetu walikuwemo, na aliyepata ni mmoja.

Mmoja wa wale watatu waliokosa alihitimu 2017. Ameuza mahindi, ameendesha bodaboda, na kwa mwaka wa tatu sasa anajitolea shuleni kwetu, wazazi wakichanga kidogo cha kumwezesha kula. Sitasema kwamba kujitolea kunatosha. Kijana mwenye shahada anastahili mshahara, na shule yenye watoto 128 chumba kimoja haiwezi kusemwa kwamba haina nafasi ya mwalimu. Lakini nimemwona akibadilika. Alipoanza aliogopa watoto wadogo. Sasa anajua ni nani anaamia shamba la nani, na kwenye usaili ujao akiulizwa namna ya kumsaidia mtoto asiyesoma atakuwa na jina la mtoto kichwani.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya ukiwa na cheti ndani ya bahasha, au ukiwa bado hujaamua uingie mlango gani: siku utakayopata kituo, omba darasa la kwanza. Usiombe kuhamishwa kabla ya Novemba. Kaa na watoto hao hadi wa mwisho wao aandike jina lake kamili ubaoni, na ukiona ameandika L palipo na R, kaa naye chini mlitengeneze sasa hivi.